Kabla Hujaiita Mkweche: Landrova Kuukuu za Kisarawe na Mafundi Wasiojulikana Majina

Ukitoka Gongo la Mboto ukapandisha Pugu mpaka Kisarawe, hewa inabadilika. Kisarawe siyo Makete, sawa, lakini asubuhi ya mwezi wa saba huku vilimani sweta linahitajika. Na ukizunguka mitaa ya ndani, usishangae kukuta Landrova imelala chini ya mwembe au kwenye banda la mabati pembeni ya nyumba. Matairi hayana upepo, kuku wanatagia siti ya nyuma.

Vijana wanaiita mkweche. Wanapiga nayo picha, wanapost, wanasepa. Kumbe huo mchuma una stori nzito kuliko ndinga nyingi za mjini.

Landrova ya kwanza ilioneshwa kwa watu mwaka 1948. Uingereza ndiyo kwanza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa adimu, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Hawakuwa wanaifikiria Pwani yetu, lakini sisi ndiyo tulifaidi. Hewa ya chumvi inayotafuna mabati haikuiweza ile bodi. Ndiyo maana mpaka leo unakuta bodi iko fresh, ila chesisi ya chini, ambayo ni chuma, imeoza.

Kwa wilaya kama Kisarawe gari hili lilikuwa kila kitu. Kwenda Maneromango masika, kwenye tope na mchanga, siyo kazi ya gari dogo. Landrova ilimbeba bwana shamba, ikambeba mgonjwa, ikabeba maaskari. Ikichoka serikalini inapigwa mnada, raia anainunua, maisha yake ya pili yanaanza.

Sasa hapo ndipo fundi anapoingia.

Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda dunia nzima. Mwaka 1978 na 1979 nchi ikawa vitani na Idi Amin. Fedha za kigeni zikakauka. Miaka ya themanini mwanzoni hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, sembuse spea ya gari! Huwezi kuagiza pistoni kutoka Uingereza wakati nchi inahangaika kununua mafuta.

Fundi wa mtaani hakuwa na cha kusubiri. Gasketi aliikata kwa mkono kwenye karatasi ngumu. Bushi aliichonga kwenye tairi bovu. Springi ikikatika alitafuta jani kwenye lori lililokufa, akalikata, akalipinda, akalifunga. Gari moja lilichinjwa ili mengine mawili yatembee. Pembeni yake kuna spanaboi anashika tochi, anatumwa grisi, anapigwa kofi akileta spana siyo. Hakuna cheti. Shule ilikuwa pale pale chini ya gari.

Na hayo hayakuishia uchochoroni. Pale Kibaha, mkoa huu huu wa Pwani, palikuwa na TAMCO, kiwanda kilichounganisha malori ya Scania. Hapo hapo Kibaha jeshi likawa na kituo cha Nyumbu, kilichoanzishwa rasmi mwaka 1985, ambapo Watanzania walitengeneza lori lao wenyewe. Ndiyo, lori la Kibongo. Nchi iliyokosa spea ilithubutu kutengeneza gari zima.

Halafu milango ikafunguliwa. Kuanzia 1984 biashara ya kuagiza bidhaa ililegezwa, na miaka iliyofuata magari ya mtumba kutoka Japani yakamwagika. Ufundi nao ukabadilika. Kitu kikiharibika, toa weka. Duka la spea liko hapo nje, kuchonga kwa nini?

Ndiyo maana leo mtu akiamua kuifufua Landrova ya babu yake, kikwazo cha kwanza hata siyo hela. Ni spana. Nati nyingi za Landrova zile ni za inchi, siyo milimita kama za Toyota. Nusu inchi ni milimita 12.7. Kijana anachukua spana namba 13, anaona imeingia, anavuta, inateleza, nati inalika kona zote. Kwisha habari. Mzee akishika nati kwa vidole anakwambia ni ngapi.

Rangi nayo ni hivyo hivyo. Kwenye banda lenye unyevu asubuhi ya baridi, ukipuliza mapema rangi inafifia na kuweka ukungu mweupe. Mzee anakunywa chai kwanza, anasubiri jua lipande mabati yapate moto. Ukimwona utadhani mvivu. Na betri ikichoka, anachomoa hendeli, anaizungusha kwa mbele huku kidole gumba kakiweka upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudisha teke mkono unavunjika.

Haya ni nadra kuyakuta yameandikwa kwa Kiswahili. Yako kichwani kwa wazee waliokuwa spanaboi miaka ile, ambao sasa macho yanapungua na magoti hayakubali tena kulala chini ya gari. Wakiondoka, Landrova inabaki kuwa kilo tu. Wanunuzi wa chuma chakavu wanajua aluminiamu ina bei, na aluminiamu chakavu huyeyushwa ikatoka masufuria. Gari lililompeleka bibi yako hospitali linaweza kuishia kupika ubwabwa wa shughuli.

Kwa hiyo wewe mwenye Landrova nyumbani, kabla hujatafuta spea mtandaoni, mtafute fundi aliyekuwa akiishika enzi zile. Nenda na simu yako, mrekodi akiifungua injini, akitaja kila nati. Na mwanzoni kabisa mwa hiyo video, mwombe ataje jina lake kamili.