Umeme Uliingiaje Katika Lori la Dizeli?

Leo hatuzungumzi juu ya mbegu wala mbolea. Tunazungumza juu ya lori, kwa maana jasho la msimu mzima linaweza kuozea njiani kwa sababu ya waya mmoja tu.

Msimu mmoja nilikuwa kijijini kwa kazi zangu za ugani. Nyanya zimekwisha kupakiwa katika matenga, lori la zamani la dizeli limejaa hadi juu. Alfajiri dereva akajaribu kuwasha. Taa zinawaka vizuri, lakini stata inaguna tu. Wakanunua betri mpya. Bado. Wakafungua stata, ikapelekwa mjini kwa fundi, ikarudi. Bado! Siku ya tatu mzee mmoja, aliyewahi kuwa utingo, akachukua waya mnene akaunganisha upande wa hasi wa betri moja kwa moja na chuma cha injini. "Haya, washa," akasema. Injini ikanguruma papo hapo. Kumbe waya wa ethi unaounganisha injini na chesisi ulikuwa umeliwa na kutu. Lakini nusu ya nyanya zilikuwa zimekwisha kuoza.

Yule mzee hakuwa na mashine ya kupimia. Alichokuwa nacho ni kufahamu kila kipande cha umeme kililetwa garini kwa kazi gani. Historia hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Mvumbuzi wa injini hii ni Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Aliandikisha uvumbuzi wake mwaka 1892, na mwaka 1897 injini yake ilijaribiwa mjini Augsburg ikafaulu. Siri yake ni hii: hewa inabanwa sana hata inakuwa ya moto mkali, kisha mafuta yanapulizwa ndani yanawaka yenyewe. Haihitaji plagi ya cheche kama injini ya petroli. Mwaka 1924 malori ya dizeli yalianza kuonekana Ujerumani, na mwaka 1927 kampuni ya Bosch ikaanza kutengeneza kwa wingi pampu ya dizeli inayozungushwa na injini yenyewe.

Basi hapo tunapata somo la kwanza. Lori la namna hiyo likishawaka, pampu yake haisubiri betri. Likizima njiani, tazama kwanza mafuta: je, yamekwisha, chujio limeziba, au hewa imeingia katika mabomba? Lakini kuna jambo moja la kuangalia. Baadhi ya pampu zilizokuja baadaye zina kifaa kidogo cha umeme kinachofungua njia ya dizeli. Waya wake ukichomoka, dizeli inakatika. Fungua swichi bila kupiga stata, usikilize kwenye pampu. Ukisikia "tak", umeme umefika. Usiposikia, tazama fyuzi na waya kabla ya kumwita mtu afungue pampu.

Huku kwetu lori la dizeli lilipata sifa kubwa baada ya tarehe 11 Novemba 1965, Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa upande mmoja. Zambia ikakosa njia yake ya mafuta, na malori yakaanza kuyabeba kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi mpakani Tunduma. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968. Barabara ile ilikuwa ya vumbi, matope na mashimo, na hivyo ndivyo zilivyo hata leo njia nyingi za kwenda mashambani. Mtikisiko unalegeza nati, matope yanaleta kutu. Adui mkubwa wa umeme wa lori ni huyo.

Sasa tuje kwenye stata. Betri ya risasi na tindikali ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na stata ya umeme ikaanza kutumika kwenye magari ya Cadillac ya Marekani mwaka 1912. Kabla ya hapo watu walizungusha injini kwa hendeli, na wengine walivunjika mikono. Stata hunywa umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote garini, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kulalamika njia ikiwa mbovu. Washa taa kubwa, kisha piga stata. Taa zikififia sana, shaka iko kwenye betri au vichwa vyake. Safisha ule ukoko mweupe, kaza, upake grisi. Taa zikibaki kali na stata ni dhaifu, umeme haufiki: tazama waya mnene wa stata na waya wa ethi. Fanya hivyo kabla hujatoa hata senti moja. Na usivute sigara karibu na betri, kwa maana hutoa hewa inayolipuka.

Zamani betri ilichajiwa na dainamo. Kuanzia miaka ya 1960 alteneta ilichukua nafasi yake. Wazee waliozoea dainamo walikuwa wakichomoa waya wa betri injini ikinguruma ili kupima kama inachaji. Jamani, msifanye hivyo kwenye alteneta! Ina vipande vya silikoni ndani yake, navyo vinaweza kuungua mara moja. Pima kwa mita: betri ya volti 12 injini ikinguruma ionyeshe karibu volti 14; kwenye lori la volti 24, karibu 28.

Mwisho ni vile vipimaji ambavyo mafundi huviita sensa. Kazi yake ni kumwambia dereva habari za injini. Taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, usiseme "ni waya tu". Zima injini, pima oili kwa kijiti. Ikiwa oili inatosha, injini ikiwa imezimwa chomoa waya kwenye sensa ya oili, hakikisha ncha yake haigusi chuma, kisha fungua swichi. Taa ikiendelea kuwaka, waya umechubuka na kugusa bodi. Ikizimika, waya ni mzima. Basi usiwashe injini mpaka fundi apime nguvu ya oili kwa geji yake. Sensa ni bei ndogo. Injini ni bei ya shamba.

Tangu mwaka 1995, lori la Hino lilipotoka Japani na mfumo wa dizeli unaoongozwa na kompyuta, yako malori ambayo pampu nayo hutegemea umeme. Hayo yanataka mashine ya kupimia. Msiyachezee kwa waya.

Lakini lile la zamani, ndugu zangu, liulizeni kwanza: ni kazi ipi imekataa? Kuwaka, kupata dizeli, kuchaji, au kutoa habari? Mkishajua kazi, fuateni waya wake. Nawatakia safari njema za sokoni.