Meza ya Mlimani: Habari za Chakula katika Kijiji cha Zermatt

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya chakula. Huenda mtu ananong'ona huko nyuma, "Chakula nacho kina historia gani? Huliwa kikaisha." Tumwombe mtu huyo asubiri kidogo.

Mwalimu, tafadhali andika neno hili ubaoni: Zermatt. Husomwa kama Tsermat. Ni jina la kijiji katika nchi ya Uswisi, huko Ulaya, katika jimbo liitwalo Valais. Kijiji kiko mwisho wa bonde jembamba, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukitaka kwenda mbele zaidi utakuta mawe na barafu tu, na nyuma ya barafu ni nchi ya Italia. Juu ya kijiji umesimama mlima Matterhorn, wenye mita 4,478. Kilimanjaro yetu yaupita sana kwa urefu, maana ina mita 5,895; lakini Matterhorn umechongoka kama jino la mamba, na ukiuona picha yake mara moja huusahau.

Sasa fikirini mko huko siku ya baridi yenye jua, saa saba ya mchana. Theluji imefunika kila kitu. Juu ya kijiji, mahali paitwapo Findeln, pana nyumba chache za mbao zilizokuwa nyeusi kwa uzee, na baadhi yake zimegeuzwa kuwa hoteli. Nasema hoteli kwa maana yetu ya kila siku, yaani nyumba ya chakula. Watu wanateremka mlimani wakiwa wamefunga miguuni mbao ndefu nyembamba za kutelezea juu ya theluji, ziitwazo skii. Wanazivua, wanazisimamisha penye theluji, wanaketi nje juani. Wanaletewa nyama kavu iliyokatwa nyembamba kama karatasi, mkate mweusi, jibini iliyoyeyushwa, na divai. Wanalipa fedha nyingi, nao wanashukuru.

Jambo la kutazama ni hili: chakula hicho wanachokilipia sana kilikuwa chakula cha maskini.

Hapo kale watu wa bonde hili walikuwa wakulima na wafugaji wa hali ya chini. Majira ya baridi ni marefu, na ardhi ni ya mteremko. Walilima rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano, inayostahimili baridi. Huko Findeln waliilima mahali palipopita mita 2,000, na mashamba hayo yalihesabiwa miongoni mwa mashamba ya nafaka yaliyo juu kabisa katika milima ya Alps. Mkate wa rai ulipikwa mara chache tu kwa mwaka, katika tanuri moja la kijiji kizima, kwa kuwa kuni zilikuwa haba na tanuri huchukua muda kupata moto. Mikate ikawekwa mahali pakavu, ikaliwa kwa miezi. Mwishoni ilikuwa migumu kama ubao, hata watu wakawa na kisu cha namna yake, kilichofungwa ncha moja kwenye kibao, ili mtu apate kukandamiza kwa nguvu zake zote.

Nafaka na nyama kavu ziliwekwa ghalani. Ghala za Zermatt zasimama juu ya miguu ya mbao, na juu ya kila mguu limelazwa jiwe bapa la mviringo kama sahani kubwa. Panya akipanda mguu hukuta jiwe limemzuia juu ya kichwa chake, na hapo safari yake huisha. Wenzetu mliojenga vihenge juu ya miguu mwaelewa upesi kuliko mgeni wa mjini. Ghala hizo zipo hata leo, na wageni hupiga picha mbele yake.

Na ile jibini iliyoyeyushwa yaitwa raclette. Jibini kubwa ya mviringo hukatwa nusu, huelekezwa upande wake uliokatwa kwenye moto, na ikianza kulainika hukwanguliwa kwa kisu juu ya sahani yenye viazi vilivyopikwa na maganda yake. Jina lenyewe latokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kukwangua. Ni chakula cha wachungaji waliokaa malishoni wakati wa kiangazi, wenye jibini na moto na pengine si kitu kingine.

Lakini tusidhani kwamba kila kilichoandikwa kuwa cha asili ni cha kale. Chungu cha jibini na divai kiitwacho fondue, ambacho watu huchovya vipande vya mkate, kilikuwa chakula cha sehemu za magharibi ya Uswisi. Chama cha kuuza jibini cha nchi hiyo ndicho kilichokitangaza kwa bidii tangu miaka ya 1930, hata Waswisi wenyewe wakakiona ni chakula cha taifa lao tangu mababu. Mimi siwalaumu, jibini ilikuwa nyingi na ilitakiwa iuzwe.

Tena chakula cha kale hakikuwa na afya yote ambayo wageni hukisifia. Udongo wa milima ile hauna madini ya joto ya kutosha, na watu wengi wa mabonde ya Valais walipata rovu, yaani uvimbe wa shingo, na watoto wengine walizaliwa na akili iliyodumaa. Daktari mmoja aliyefanya kazi katika bonde hili hili, Otto Bayard, alianza mwaka 1918 kuwapa jamaa za kijiji cha Grächen chumvi iliyochanganywa na kiasi kidogo sana cha madini hayo. Rovu zikapungua. Mwaka 1922 Uswisi ikaanza kuuza chumvi ya namna hiyo kwa watu wote. Wasikilizaji wa nyanda zetu za juu za kusini wanaujua ugonjwa huo, na wanaijua chumvi hiyo.

Basi wageni walifikaje? Mwanzo walikuja wachache, wataalamu wa mimea na mawe, na walilala kwa padre wa kijiji wakila alicho nacho. Mwishoni mwa miaka ya 1830 mganga wa kijiji, Josef Lauber, alifungua nyumba ndogo ya wageni. Katika miaka ya 1850 padre Joseph Ruden na wenzake wakajenga nyumba ya wageni juu mlimani, mahali paitwapo Riffelberg, karibu mita 2,600 juu ya bahari. Hapo ndipo tunapoweza kusema kwamba kula mlimani kulianza kuwa biashara. Kila kitu, unga, divai, vyombo, hata vitanda, kilipanda kwa mgongo wa nyumbu au wa mtu. Msikilizaji wa Moshi aliyewahi kuchukua mzigo wa wageni kichwani kupanda Kilimanjaro hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1865 kijiji kilijulikana duniani kwa msiba. Mwingereza Edward Whymper na wenzake sita walifika kilele cha Matterhorn tarehe 14 Julai, wa kwanza kabisa kufika. Katika kushuka mmoja aliteleza, kamba ikakatika, wanne wakaanguka wakafa. Magazeti ya Ulaya yaliandika sana habari hiyo, tena kwa hasira. Na watu, kama ilivyo desturi yao, wakazidi kuja kupatazama mahali penyewe.

Hapa yatupasa tukae kidogo, maana ndipo palipo kiini cha somo. Whymper na wapanda mlima wengi walikaa katika hoteli iliyoitwa Monte Rosa. Mwenyewe alikuwa Alexander Seiler, ambaye kwanza alikuwa fundi wa kutengeneza sabuni. Hakuwa mtu wa Zermatt. Alitoka sehemu nyingine ya jimbo hilo hilo la Valais. Aliichukua ile nyumba ya Lauber katika miaka ya 1850, akaipa jina jipya, na pamoja na mkewe Katharina akaifanya hoteli yenye sifa. Akaongeza nyingine, tena nyingine. Punde Mwingereza akisema anakwenda Zermatt, alikuwa kama amesema anakwenda kwa Seiler.

Wenyeji waliliona jambo hili, na halikuwafurahisha. Zermatt, kama vijiji vingi vya Uswisi, ina jumuiya ya wenyeji wa asili. Mali yao ni misitu, malisho na ardhi ya pamoja, na haki ya kuwa mmoja wao hurithiwa na mtoto kwa wazazi wake. Mwaka 1871 Seiler aliomba kuingizwa katika jumuiya hiyo. Wakakataa. Waliogopa, na hofu yao haikuwa ya kipumbavu, kwamba mtu mwenye fedha akiingia na ukoo wake, baada ya miaka michache malisho yatakuwa ya nani? Seiler naye alikuwa na hoja: amekaa kijijini miaka mingi, amewapa watu kazi, kwa nini aitwe mgeni hata kufa? Kesi ilipanda toka ngazi hii mpaka ngazi ile, na haikwisha mpaka mwaka 1889, wakubwa walipowalazimisha wenyeji kumpokea. Seiler alifariki mwaka 1891.

Lakini wenyeji hawakukaa tu wakinung'unika. Katikati ya ugomvi huo walijenga hoteli yao wenyewe, kubwa, katikati ya kijiji, kwa mikono yao na kwa kazi ya pamoja, ile ambayo sisi huiita msaragambo. Ilifunguliwa mwaka 1879 na jina lake ni Zermatterhof. Nyumba ikawa tayari. Ila mkulima ajuaye kukamua ng'ombe hajui kupanga meza ya Waingereza mia. Wakafanyaje? Walimkodisha Seiler! Wengine hucheka wakisikia hivi. Mimi naona waliijua tofauti ya kuajiri ujuzi na kuuza nyumba. Kodi ilikuja kwao, na ukuta ulibaki wao. Hata leo jumuiya hiyo ndiyo yenye Zermatterhof, na ina hoteli nyingine pia, pamoja na nyumba za chakula za mlimani, Riffelberg ikiwa mojawapo.

Mwaka 1891 reli ilifika kijijini. Mwaka 1898 ikafunguliwa reli ya umeme yenye meno katikati, ya kushika mteremko, ikipanda mpaka Gornergrat, mita 3,089. Mizigo ikashuka migongoni mwa nyumbu. Huko juu mpishi ana shida nyingine: hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye joto la digrii 90 hivi badala ya 100. Maharage hayaivi upesi ijapokuwa maji yanatokota. Hutakiwa sufuria la kubana mvuke. Wageni wa majira ya baridi walianza kuja kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1920, na hao ndio walioleta ile desturi ya kuteleza mpaka mlangoni pa hoteli.

Sasa niseme habari ambayo haiandikwi katika vitabu vya kuvutia wageni. Mwanzoni mwa mwaka 1963 kijiji kilikuwa kimejaa. Kilikuwa kimekua haraka, nyumba juu ya nyumba. Maji ya kunywa yakaingiwa na uchafu wa choo, na ndani yake mlikuwa na vijidudu vya homa ya matumbo. Wageni walikunywa maji safi kwa kuyatazama, yatokayo kwenye barafu ya Alps! Homa hii hukaa mwilini wiki moja mpaka tatu kabla ya kujitokeza, kwa hiyo wengi walikuwa wamekwisha kurudi makwao, Uingereza na kwingineko, ndipo ikawashika. Zaidi ya watu 400 waliugua, na watatu walikufa. Msimu ukavunjika, vitanda vikabaki vitupu. Nadhifu zote za mezani, vitambaa vyeupe na bilauri za kung'aa, hazikusaidia kitu, kwa sababu hakuna aliyetazama bomba.

Zermatt ilisimama tena. Siku hizi wengi wa wanaopika na kuhudumu huko si wenyeji wala Waswisi. Wengi ni Wareno, na mji wa wageni wa Seiler umepata wageni wa namna nyingine, wale waoshao sahani. Jioni treni ya mwisho hushusha walaji. Findeln hubaki kimya, na wenye nyumba hufagia theluji mlangoni na kukusanya mifupa.

Kazi ya darasa wiki hii ni moja. Waulizeni wazee wa mahali penu: hoteli ya kwanza ya chakula ilifunguliwa na nani, mwaka gani kama wakumbuka, walipika nini, na maji waliyateka wapi. Andikeni majibu kwa sentensi sita au zaidi, nanyi msomeane. Kwaherini.