Si Kila Mara Mtandao Ndio Unaosumbua

Watanzania tuna sentensi moja inayofunga mjadala wowote wa kompyuta: "Mtandao unasumbua." Utaisikia benki, utaisikia ofisi ya serikali, utaisikia kwenye kibanda cha steshenari ambako mwanafunzi anajaziwa fomu ya kuomba chuo. Ukurasa umefunguka nusu, kitufe cha kutuma kinabonyezwa wala hakishtuki, na sote tunageuka kulaumu mtandao. Ndugu msomaji, mara nyingine mtandao ni mzima kabisa. Kinachogoma ni kivinjari, au ni tovuti iliyotengenezwa na mtu ambaye hakukufikiria wewe na simu yako. Ugomvi huo wa tovuti na vivinjari una historia yake, na leo nataka tuipitie. Nitaanzia mahali ambapo labda hukutarajia: Vuga, kwenye milima ya Usambara.

Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto unapita Soni, na Vuga haiko mbali na hapo. Ndiko ulikokuwa mji mkuu wa watawala wa Kikilindi waliotawala Usambaa. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alikwenda huko kwa Mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848. Richard Burton na John Speke wakafika mwaka 1857. Mwaka 1895 Wajerumani wa misheni ya Bethel wakafungua kituo chao. Cha kuchekesha ni kwamba Krapf na Burton waliandika "Fuga", Wajerumani wa baadaye wakaandika "Wuga", na sisi tunaandika "Vuga". Mji ni ule ule, ila kila mwandishi aliusoma kwa masikio yake. Shikeni jambo hilo, tutalihitaji.

Wakristo wengi, hasa Walutheri, wanaijua Vuga kwa sababu nyingine: kiwanda cha uchapaji. Jina la Vuga Press, Soni, limo kwenye kurasa za mwanzo za vitabu vingi vya Kiswahili vya kanisa. Sasa fikirieni kazi ya kiwanda cha namna hiyo. Herufi zinapangwa, karatasi inapita kwenye mtambo, kitabu kinatoka. Kikishatoka, kimetoka. Mwenye nakala yuko Bumbuli, mwingine yuko Ujerumani, wote wanaona ukurasa ule ule, na mstari umekatika pale pale. Kosa likipita, litabaki kosa mpaka toleo lijalo. Sisi wa magazeti tunalijua hilo vizuri, ndiyo maana kesho yake tunaomba radhi.

Ukurasa wa intaneti si hivyo. Haukuchapwa popote. Kinachosafiri kutoka kwenye seva hadi kwako ni maelekezo tu: hapa weka kichwa cha habari, hapa weka picha, hapa mtu akibonyeza fanya kadha wa kadha. Anayechapa ni kivinjari, hapo hapo kwenye simu au kompyuta yako. Kwa maneno mengine, kila mmoja wetu anatembea na kiwanda chake cha uchapaji mfukoni. Mitambo ya viwanda hivyo hailingani, na mingine ina kasoro. Ndipo matatizo yanapoanzia.

(Hata jina la chombo chenyewe hatujakubaliana. Wengine wanasema kivinjari, wengine kisakuzi, wengine wanarambaza, na mtaani tunaperuzi. Fuga, Wuga, Vuga!)

Mwanzoni ahadi ilikuwa nzuri. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, alitoa pendekezo lake mwaka 1989, na mwaka uliofuata akaandika kivinjari cha kwanza. Watafiti wa CERN walitoka nchi nyingi wakiwa na kompyuta za aina nyingi, na alitaka ukurasa mmoja usomeke kwenye zote. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya watu wote, bila malipo. Mwaka huo huo vijana wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wakatoa Mosaic, kivinjari kilichoweza kuonyesha picha katikati ya maandishi. Baadhi yao wakaondoka kwenda kuanzisha Netscape, na mwishoni mwa 1994 Netscape Navigator ikaingia sokoni.

Microsoft ikajibu mwaka 1995 kwa Internet Explorer. Vita ikaanza. Kila kampuni ikawa inabuni maelekezo yake ambayo mwenzake hayaelewi: huyu ana maandishi yanayopepesa, yule ana maandishi yanayotembea. Watengeneza tovuti wakaanza kubandika vibao vya kumwambia msomaji kwamba ukurasa huu unaonekana vizuri kwa Netscape, au kwa Internet Explorer. Hebu fikiria ununue kitabu, halafu jaladani kimeandikwa: kisomwe kwa miwani ya kampuni fulani tu.

Kuna kioja cha enzi hizo ambacho bado tunaishi nacho. Kila kivinjari kikifika kwenye seva hujitambulisha. Netscape ilijitambulisha kwa jina la Mozilla, na tovuti nyingi zikawa zinawapa Mozilla tu kurasa zilizopambwa. Internet Explorer ikaona isiwe tabu, nayo ikajiita Mozilla. Waliofuata wakafanya vile vile. Mpaka leo Chrome, Safari na Edge zikibisha hodi huanza kwa kusema "Mozilla/5.0", kama mtu anayetaja jina la mkubwa getini ili aruhusiwe kupita.

Microsoft ilishinda vita ile kwa kukiweka kivinjari chake ndani ya Windows bure. Serikali ya Marekani iliishtaki mwaka 1998 kwa kuua ushindani, kesi ikapigwa danadana, lakini wakati huo Netscape ilikuwa hoi. Agosti 2001 ikatoka Internet Explorer 6. Katika miaka michache iliyofuata, zaidi ya watu tisa kati ya kumi waliokuwa wakitumia intaneti duniani walitumia Internet Explorer. Mshindi akafanya nini? Akalala. Toleo la 7 lilitoka Oktoba 2006. Miaka mitano! Watoto walianza darasa la kwanza wakafika la sita, kivinjari ni kile kile na kasoro zake: picha ambazo zilipaswa kuonyesha kilicho nyuma yake zilitokea na kijivu cha ajabu, mipangilio ya kurasa ilipishana, na matundu ya usalama yakawa sherehe ya wezi.

Huku kwetu mambo yalikuwa na uzito zaidi. Wengi wetu tuliijulia intaneti kwenye kafe, kwenye kompyuta za mtumba zenye Windows XP ya kunakili. Microsoft ilipotoa Internet Explorer 7 iliweka sharti: lazima Windows yako ithibitishwe kuwa halali. Sharti hilo liliondolewa Oktoba 2007 tu. Kwa hiyo kwa mwaka mzima aliyekuwa na nakala ya mtaani alibaki nje, na kirusi kikimpata ni shauri yake. Hata aliyekuwa halali alikuwa na mtihani wa bei. Kifurushi kikubwa cha usalama cha Windows XP cha mwaka 2004 kilizidi MB 250, wakati sisi tulikuwa tunategemea setilaiti. Mkonge wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo, kusasisha programu, au kuapdeti kama tunavyosema, ilikuwa anasa. Ndiyo maana Firefox 1.0 ya Novemba 2004, yenye ukubwa wa takriban MB 5, ilipokelewa kama mvua ya vuli.

Halafu ikaja simu. Januari 2006 kampuni ya Opera ya Norway ilifungua Opera Mini kwa dunia nzima, na hapo ndipo kitochi kilipopata intaneti ya maana. Ujanja wake ulikuwa rahisi. Ukurasa haukuja kwako moja kwa moja, ulipita kwanza kwenye seva za Opera, ukachapwa huko, ukabanwa, ukaletewa matokeo mepesi. Yaani kiwanda kilitolewa mfukoni mwako kikarudishwa mbali, kama zamani za Vuga, ukawa unapokea karatasi iliyokwisha kuchapwa. Vocha ndogo ilifika mbali. Gharama yake ilikuwa kwamba kurasa zinazotegemea vitufe na menyu za JavaScript ziligoma au zilifanya kazi nusu nusu. Na tovuti zikazidi kutegemea hivyo hivyo.

Chrome ya Google ilitoka Septemba 2008 na kubadili mwendo mzima. Badala ya kusubiri miaka mitano, kuanzia 2010 toleo jipya likawa linatoka kila baada ya wiki sita, na mwaka 2021 ikawa kila baada ya wiki nne. Firefox nayo ikafuata mwendo huo. Kasoro zinazibwa haraka, hilo ni jema. Lakini kila mwendo wa haraka una wanaoachwa kituoni. Aprili 2016 Chrome iliacha kuihudumia Windows XP. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Windows 7, na mwisho wa mwaka huo huo simu za Android 7. Simu haijavunjika, betri inakaa, kioo kizima, ila kuna mtu mahali fulani ameamua kwamba ni kimeo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa vyeti. Tovuti yenye kufuli pale juu ina cheti kinachothibitisha kwamba ni yenyewe, na simu yako ina orodha ya watoa vyeti inaowaamini. Shirika la Let's Encrypt linatoa vyeti hivyo bure kwa mamilioni ya tovuti. Novemba 2020 lilitangaza tatizo: simu za Android zilizotengenezwa kabla ya toleo la 7.1.1 hazikuwa na jina lake kwenye orodha, na cheti cha zamani kilichokuwa kikilidhamini kingekwisha muda Septemba 2021. Takwimu za wakati huo zilionyesha kuwa simu hizo zilikuwa asilimia 33.8 ya Android zote. Theluthi nzima! Mwenye simu hiyo angeona onyo la kutisha kila anapofungua tovuti, na bila shaka angesema mtandao unasumbua. Ushauri wa kwanza ulikuwa watu waweke Firefox, kwa sababu Firefox hutembea na orodha yake yenyewe. Mwezi mmodot baadaye wakapata njia nyingine ya kuendelea kudhaminiwa, na simu zile zikaongezewa muda hadi Septemba 2024.

Somo ni nini? Kwanza, waliokaa chini wakawafikiria wenye simu kuukuu walipata njia. Haikuwa lazima kuwaacha. Pili, njia ilikuwepo kwa sababu kulikuwa na kivinjari zaidi ya kimoja. Hilo la pili linanitia wasiwasi. Internet Explorer ilizikwa rasmi tarehe 15 Juni 2022. Edge, mrithi wake, ilihamia mwaka 2020 kwenye injini ile ile ya Chrome. Opera ilikwishahamia tangu 2013. Ukiacha Firefox na Safari, vivinjari vyote vikubwa sasa vina injini moja, na watengeneza tovuti wameanza tena kujaribu kazi zao kwenye Chrome tu, kama baba zao walivyofanya na Internet Explorer. Vibao vya zamani havipo tena ukurasani, lakini tabia imerudi.

Sisemi msiapdeti. Apdetini, tena mapema, kwa maana wezi wanasoma taarifa za kasoro kabla yenu. Ukurasa ukigoma, jaribu kivinjari kingine kabla ya kununua bando jingine. Ila mzigo huu si wa mtumiaji peke yake. Leo kuomba mkopo wa chuo ni mtandaoni, kuomba kazi serikalini ni mtandaoni. Fomu isipofunguka kwenye simu ya binti wa Vuga siku ya mwisho ya maombi, aliyekosa si simu, ni yeye. Anayelipwa kutengeneza mifumo hiyo, tena kwa kodi zetu, aanze na maandishi na fomu inayofanya kazi popote, mapambo yafuate. Na kabla ya kuikabidhi, aijaribu kwenye simu ya bei nafuu yenye miaka sita, yenye mtandao wa kusuasua.

Wala msiambiwe haiwezekani. Mwaka 2013 CERN iliurudisha ukurasa wa kwanza wa intaneti kwenye anwani yake ya asili, info.cern.ch. Ni maandishi na viungo tu, ya miaka ya mwanzo ya tisini. Ufungueni kwenye simu mpya kuliko zote, kisha kwenye ile iliyolala kabatini. Unasomeka, kama kinavyosomeka kitabu cha Vuga cha bibi yako.