Judith Leyster

Judith Leyster (alibatizwa Haarlem, 28 Julai 1609 – alifariki Heemstede, 10 Februari 1660) alikuwa mchoraji wa Uholanzi katika karne ya 17. Ni mmoja wa wanawake wa kwanza kupokewa kama fundi kamili katika chama cha wachoraji cha mji wa Haarlem. Anajulikana hasa kwa picha aliyojichora mwenyewe takriban mwaka 1630, ambayo leo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa mjini Washington, D.C., Marekani. Baada ya kifo chake jina lake lilisahaulika kwa zaidi ya miaka 200, na picha zake nyingi zilihesabiwa kuwa kazi za wanaume.

== Maisha ==
Judith alikuwa mtoto wa nane wa Jan Willemsz, aliyekuwa na kiwanda cha bia mjini Haarlem. Kiwanda hicho kiliitwa Leyster, maana yake nyota inayowaongoza mabaharia, na familia ikachukua jina hilo. Baba alifilisika katika miaka ya 1620. Hata hivyo, mwaka 1628 mwandishi Samuel Ampzing alimtaja Judith katika kitabu chake kuhusu mji wa Haarlem, wakati yeye alikuwa bado hajafikisha miaka 20.

Mwaka 1633 alipokewa katika Chama cha Mtakatifu Luka. Siku hizo biashara ya picha ilisimamiwa na vyama vya namna hiyo. Mwanachama aliyepokewa kama fundi kamili aliweza kufungua karakana yake, kufundisha wanagenzi na kuuza kazi kwa jina lake. Wanawake waliofika hapo walikuwa wachache sana.

Mwaka 1635 mwanagenzi wake mmoja alimwacha baada ya siku chache akahamia karakana ya Frans Hals, mchoraji aliyekuwa maarufu kuliko wote mjini. Leyster hakunyamaza, alipeleka shauri mbele ya chama. Mama wa kijana aliamriwa kulipa nusu ya ada iliyodaiwa, na Hals akatozwa faini. Leyster naye alitozwa faini kwa kuwa hakuwa amemwandikisha mwanagenzi huyo.

Mwaka 1636 aliolewa na mchoraji Jan Miense Molenaer, wakahamia Amsterdam. Walipata watoto watano, ambao wawili tu walifikia utu uzima. Kazi zake zinazojulikana baada ya ndoa ni chache.

== Picha aliyojichora ==
Picha hii ilichorwa kwa rangi ya mafuta juu ya turubai yenye kimo cha sentimita 74.6 na upana wa sentimita 65.1. Leyster ameketi mbele ya kazi anayoichora, akageuka kumtazama anayemkabili. Mkono wa kuume umeegemea mgongo wa kiti na kushika brashi. Wa kushoto umeshika ubao wa kuchanganyia rangi pamoja na brashi nyingi. Midomo imefunguka kidogo, kana kwamba yuko katikati ya mazungumzo.

Amevaa kofia nyeupe, ukosi mpana uliokazwa kwa wanga na nguo ya gharama. Hayo si mavazi ya kushikia rangi ya mafuta. Mtazamaji anaonyeshwa mambo mawili kwa pamoja: kwamba mchoraji huyu ni mtu wa heshima, na kwamba kazi yake anaifanya bila taabu. Wataalamu kadhaa wanadhani aliichora ili kuthibitisha ustadi wake wakati wa kuomba kupokewa chamani.

Juu ya turubai anayoichora ndani ya picha anaonekana mpiga fidla anayecheka. Uchunguzi kwa miali ya infraredi umeonyesha kwamba mahali hapo palikuwa kwanza na uso wa mwanamke. Leyster aliufunika na kumweka mpiga fidla, yaani aina ya picha za watu wenye furaha alizokuwa akiuza. Kwa hiyo picha moja iliwaonyesha wateja kwamba aliweza kuchora sura za watu na pia mandhari ya maisha ya kila siku.

== Kusahauliwa na kugunduliwa upya ==
Leyster alitia saini kwa herufi J na L zilizounganishwa pamoja na nyota, kwa kufuata maana ya jina lake. Baada ya kifo chake watu hawakuijua tena alama hiyo. Kwa kuwa mtindo wake ulikaribiana na ule wa Hals, na picha za Hals zilipata bei kubwa, kazi zake ziliuzwa kama za Hals. Hata picha aliyojichora iliwahi kudhaniwa kuwa ya Hals.

Mwishoni mwa karne ya 19 ilizuka kesi mjini London kuhusu picha ya mwanamume na mwanamke wanaokunywa na kucheza muziki, iliyokuwa imeuzwa kama ya Hals. Mtaalamu Cornelis Hofstede de Groot alitambua juu yake alama ya Leyster, na mwaka 1893 akachapisha makala iliyomrudishia picha hiyo na nyingine kadhaa. Katika kesi wenyewe walibishania fedha, na mwishowe mnunuzi alibaki na picha kwa bei iliyopunguzwa. Rangi na turubai vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni jina la mchoraji. Leo picha hiyo iko Louvre, Paris.

== Baadhi ya kazi zake ==
* Mlevi Mchangamfu (1629)
* Mwimbaji wa Usiku (1629), Rijksmuseum, Amsterdam
* Mwanamume Akimpa Fedha Mwanamke Kijana (1631), Mauritshuis, Den Haag
* Ua la tulipu kwa rangi za maji (1643), Makumbusho ya Frans Hals, Haarlem