Filimbi Waliyoificha

Kama una daftari la zamani, lile la kidato cha pili lenye mashairi ya mapenzi na hadithi za majambazi, usilichome kwanza. Hebu nikusimulie habari za bendi ya Kijerumani iitwayo Kraftwerk, na madaftari yake matatu ambayo wenyewe hawataki tuyaone.

Jina hilo maana yake ni kituo cha kufua umeme, na kweli jamaa hawa waliufua. Sehemu kubwa ya muziki wa disko unaotengenezwa kwa mitambo ina deni kwao. Mwaka 2009 walikusanya albamu zao nane katika kasha moja, wakaliita Katalogi. Namba moja ndani ya kasha hilo ni Autobahn, ya mwaka 1974. Mwaka 2012 wakapiga usiku nane mfululizo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, albamu moja kila usiku, na usiku wa kwanza ukawa tena wa Autobahn. Kijana anayeanza kuwasikiliza leo atadhani walizaliwa mwaka huo, tayari wamenyolewa, wamevaa suti, mikono iko juu ya mitambo.

Kumbe wapi! Kabla ya namba moja kulikuwa na tatu nyingine.

Ralf Hütter na Florian Schneider walikutana masomoni mjini Düsseldorf mwishoni mwa miaka ya 1960. Walizaliwa mara tu baada ya vita, Hütter mwaka 1946 na Schneider mwaka 1947, katika nchi iliyoona haya kutazama nyuma. Hütter alipiga kinanda. Schneider, mtoto wa msanifu majengo aliyechora uwanja wa ndege wa Cologne na Bonn, alipiga filimbi. Ndiyo, filimbi! Albamu yao ya kwanza kwa jina la Kraftwerk ilitoka mwaka 1970, jalada likiwa na koni ya barabarani, ile ya kuzuia magari. Wimbo wa kwanza, Ruckzuck, unafunguliwa na filimbi inayohema na kukatakata pumzi, halafu ngoma zinaingia, zinapigwa na binadamu mwenye jasho lake. Hakuna roboti hapo.

Mwaka 1971 Hütter aliondoka kwa miezi kadhaa. Schneider akabaki akipiga na Michael Rother na Klaus Dinger, ambao baadaye walikwenda kuanzisha kundi lao, Neu! Hütter aliporudi, wawili hao wa mwanzo wakajifungia studio wakiwa hawana mpiga ngoma. Walifanyaje? Walitumia kisanduku cha midundo, kile kilichotengenezwa kwa ajili ya kumsindikiza mpiga kinanda. Hivyo ndivyo ilivyopatikana albamu ya pili, iliyotoka mwaka 1972. Ya tatu, ya mwaka 1973, ilibeba majina yao tu: Ralf und Florian.

Hapo ndipo penye utamu wa historia hii. Mashine haikushuka kutoka mbinguni. Iliingia mlangoni kama kibarua wa muda, kwa sababu mpiga ngoma hayupo, nayo ikapewa nyumba. Lakini ukinunua kasha la 2009 huwezi kuyajua hayo. Albamu hizo tatu wenyewe hawajawahi kuzitoa upya kwenye CD. Anayezitaka anunue sahani za zamani kwa bei ya kuruka, au nakala za wachuuzi wa magendo.

Na hapa pana kichekesho. Mwaka 1997 watayarishaji fulani wa Ujerumani walikata kipande cha sekunde mbili kutoka wimbo wa Kraftwerk wa mwaka 1977, Metall auf Metall, wakakirudiarudia ndani ya wimbo wa rapa Sabrina Setlur. Kraftwerk wakaenda mahakamani. Kesi ikapanda na kushuka zaidi ya miaka 20, na Julai 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kwamba kipande kinachotambulika kwa sikio kinahitaji ruhusa ya mwenye sahani. Sekunde mbili zililindwa kama mboni ya jicho, lakini albamu tatu nzima zimeachwa mikononi mwa wachuuzi!

Si kwamba hawa watu hawagusi kazi zao za zamani. Wanazigusa sana. Wimbo wa Radioactivity wa mwaka 1975 ulicheza na maana mbili, mawimbi ya redio na miale ya atomiki, bila kusema wazi uko upande gani. Mwaka 1991 waliurekodi upya katika albamu ya The Mix, wakaupa msimamo wa kupinga na kutaja Chernobyl na Hiroshima. Mwaka 2012 walipopiga Japani wakaiingiza Fukushima. Hapo nawapigia makofi. Mtunzi amebadili mawazo mbele ya macho yetu, na toleo la zamani bado lipo, tunaweza kulinganisha.

Lakini tazama jalada la albamu hiyo hiyo. Lile la 1975 lilikuwa na picha ya redio ndogo ya bei nafuu, aina iliyotengenezwa enzi za Hitler ili hotuba za chama zifike kila nyumba. Picha hiyo iliuliza swali zito: sauti inayoingia sebuleni kwako inatoka kwa nani? Katika Katalogi ya 2009 redio haipo. Pamewekwa alama ya mionzi kwenye rangi ya njano. Ni jalada safi, linang'aa, na limesahau.

Mimi sisemi mtunzi hana haki ya kuona haya. Nani kati yetu angependa shairi lake la kwanza lisomwe hadharani? Tatizo ni pale unapopanga kazi zako ili ionekane hukuwahi kujifunza. Kijana anayejaribu kuandika akiona kasha lisilo na makosa ndani yake, atadhani wenzake walizaliwa wakijua, atavunja kalamu.

Schneider aliaga bendi mwaka 2008, akafariki mwaka 2020. Kati ya waasisi wawili amebaki Hütter, mlinzi wa Katalogi. Hata hivyo, chukua Autobahn, hiyo hiyo namba moja. Upande wa kwanza ni safari ya gari ya dakika 22, wimbo uliofupishwa ukafika nafasi ya 25 Marekani mwaka 1975. Usiishie hapo kama wanavyoishia wengi. Geuza sahani, sikiliza hadi mwisho kabisa, wimbo uitwao Morgenspaziergang, yaani matembezi ya asubuhi. Kwanza utasikia ndege wa umeme wakilia. Kisha, taratibu, kama mtu aliyerudi nyumbani kuchukua kitu alichosahau, inaingia filimbi.