Mioyo miwili ya vyura na pesa za Nobel

Hivi umewahi kujiuliza, ukishtuka, moyo unapataje habari kwamba uanze kwenda mbio? Kutoka kwenye ubongo kuna neva, sawa. Lakini neva ikifika kwenye moyo inauambiaje?

Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wengi waliamini ni umeme tu, mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1904 Mwingereza Thomas Elliott alidokeza kwamba huenda neva humwaga kemikali. Ushahidi ndio haukuwepo.

Ushahidi huo ulitoka Graz, Austria, kwa profesa mmoja Myahudi, Otto Loewi. Mwenyewe alisimulia kwamba jaribio lilimjia ndotoni, usiku wa kuamkia Pasaka. Akaamka, akaandika kwenye karatasi, akalala tena. Asubuhi mwandiko hausomeki! (Waandishi wa habari tunayajua haya.) Usiku uliofuata, saa tisa, ndoto ikarudi. Safari hii hakungoja, akaenda moja kwa moja maabara.

Alichukua mioyo miwili ya vyura, akaijaza maji ya chumvi. Mmoja aliuacha na neva zake, wa pili akaziondoa. Akaisisimua kwa umeme neva ya vagasi, ile inayopunguza mwendo wa moyo. Moyo wa kwanza ukapunguza kasi. Kisha akachota yale maji, akayatia kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza kasi, wakati hauna neva!

Maana yake ni moja: ndani ya maji yale kulikuwa na kemikali iliyobeba ujumbe. Alitangaza matokeo mwaka 1921. Baadaye ilijulikana kuwa ni asetilkolini, na mwaka 1936 Loewi akapata Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Miaka miwili tu baadaye, Machi 1938, Wanazi waliitwaa Austria. Vijana wenye silaha walimkamata usiku, wakamtupa jela. Wanawe wawili nao walikamatwa. Akiwa kule ndani aliogopa kwamba atauawa kabla matokeo ya majaribio yake ya mwisho hayajachapishwa. Akamwomba askari postikadi, akayaandika, yakapelekwa kwenye jarida la sayansi. Ndipo roho ikatulia.

Alipoachiwa, hakuruhusiwa kuondoka nchini mpaka aamuru pesa zake za Nobel, zilizokuwa benki Stockholm, zihamishiwe kwenye benki ya Wanazi. Akaondoka mikono mitupu. Alifariki New York mwaka 1961.

Pesa zikaenda. Lakini leo mtu akiletwa hospitali amekunywa dawa ya wadudu ya jamii ya oganofosfeti, mate yanamtoka, mapigo yanashuka, daktari anajua kwamba asetilkolini imemzidi mwilini. Anamchoma atropini, inayoizuia isifanye kazi. Ujuzi huo ulikuwa umeshachapishwa. Hakukuwa na benki ya kuuhamishia.