Ziwa Lililoikimbia Ngome

Agosti 1879, Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji, alifika Karema kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, akachagua kilima kilichokuwa jirani kabisa na maji. Alikuwa ametumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili, ile iliyojitangaza kuwa ya sayansi na utu, aweke kituo cha kwanza cha safari za kuelekea Kongo. Kwa macho ya mwanajeshi pale palifaa: juu unajihami, chini unapakia mitumbwi. Miaka michache baadaye boma lilikuwa palepale, lakini ziwa lilikuwa limeondoka. Kati ya kuta na maji palibaki uwanda wa matope na matete.

Kwetu Mpanda, ukitaja Karema sokoni hakuna anayemfikiria Leopold. Watu wanafikiria dagaa na migebuka, na ile barabara ya zaidi ya kilomita mia moja inayoteremka magharibi hadi ziwani. Hata hivyo sidhani kama mtu anaweza kukielewa kijiji kile bila kujua kwa nini maji yaliondoka, maana hadi leo kila kinachojengwa pale kinajengwa juu ya swali hilohilo.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachopita mita 1,400, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, ng'ambo ya pili, karibu na mahali ilipo Kalemie ya leo. Katika karne ya 19 mlango huo ulizibwa na mchanga na majani. Mvua ikawa inaingia, maji hayatoki. Cameron aliuona Lukuga mwaka 1874, Stanley akaupitia 1876, na bado wasomi wa Ulaya walibishana kama kweli ni mto unaotoka ziwani. Ziwa liliendelea kujaa mpaka yapata 1878, kizibo kikasombwa. Ndani ya miaka kumi na kitu lilishuka kwa mita kumi hivi. Kwenye ufuko wenye majabali mita kumi si kitu. Kwenye ufuko wa tambarare kama wa Karema, ni safari ya kwa miguu.

Kwa hiyo Cambier alifika wakati maji yako karibu na kilele, akadhani kilele ndiyo kawaida. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapo 1880, hakuficha dharau yake kwa mahali palipochaguliwa. Namwelewa, ingawa naye alikuwa mpita njia.

Mambo ya kituo kile yanachekesha na kuumiza kwa pamoja. Mwaka 1879 Leopold aligharimia tembo wanne kutoka India washushwe Msasani, Dar es Salaam, ili ijaribiwe kama wanaweza kubeba mizigo hadi ziwani badala ya wapagazi. Mmoja tu alifika Karema, naye akafa baadaye. Carter, kiongozi wa msafara huo wa tembo, aliuawa Juni 1880 katika nchi ya Wapimbwe, ndani ya Katavi hii hii, alipokuwa anarudi pwani. Kisha akaja Emile Storms, na hapo kicheko kinaisha. Storms aliiongoza Karema kuanzia 1882, akavuka na kuanzisha kituo kingine Mpala. Desemba 1884 watu wake walimuua Lusinga, mtawala wa Watabwa, wakamkata kichwa. Fuvu lilipelekwa Ubelgiji na kuwekwa katika makusanyo ya makumbusho. Sanamu ya Storms iliyokuwa kwenye bustani moja ya Brussels iliondolewa mwaka 2022 tu.

Leopold alipojihakikishia Kongo mwaka 1885, Karema haikuwa na kazi tena kwake. Boma likakabidhiwa Mapadri Weupe, likawa misheni, na watu waliokombolewa utumwani wakapewa makazi kuzunguka hapo. Kijiji kikakua kwa namna hiyo: wenyeji Wabende, Wafipa kutoka kusini, watu wa ng'ambo ya ziwa, na wengine waliokuwa wametenganishwa na kwao wakiwa wadogo mno kukumbuka njia ya kurudi.

Mkubwa wao wote, kwangu mimi, ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi ambayo sasa ni Mali, akatekwa akiwa mtoto na kuvushwa Sahara. Mapadri walimkomboa Algeria, wakampeleka Malta kusomea utabibu. Alifika Karema 1889, akakaa hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka sitini na saba! Wadachi walikuja wakaondoka, Waingereza wakaja, yeye bado anafunga vidonda na kupasua majipu, katekista na daktari wa mwambao mzima. Wazungu wa kituo waliihesabu Karema kama daraja la kwendea pengine. Atiman, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuzaliwa ya kuwa pale, alipafanya kwao.

Na wavuvi? Wao ziwa halikuwakimbia, kwa sababu walilifuata. Kibanda cha miti na nyasi kinahamishika, mtumbwi unaburutwa. Hata kazi yenyewe inafuata saa za ziwa: dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwavuta juu, na mwezi ukiwa mpevu watu hukaa nchi kavu kushona nyavu. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za betri na sola. Asubuhi dagaa huanikwa, na mvua ikinyesha siku hiyo hasara ni ya mwenye dagaa. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Naliunga mkono jambo hilo, lakini miezi mitatu ni mirefu kwa nyumba inayokula kwa wavu.

Sasa Karema ina bandari, iliyogharimu zaidi ya shilingi bilioni 47, na inatazamana na Kalemie, kama alivyotaka Cambier. Shehena ya Kongo ipite hapa, reli itoke Mpanda ije ikutane na meli. Sina ugomvi na bandari. Mtu aliyewahi kushuhudia abiria wakipanda meli kutoka kwenye mitumbwi katikati ya mawimbi hawezi kuwa nao. Ila miaka ya 2010 mazungumzo yalikuwa ya kujenga banio kwenye Lukuga kwa sababu ziwa linashuka mno. Kufikia 2021, na tena 2024, maji yalikuwa yamepanda hadi kuingia majumbani Bujumbura na Kalemie. Mlango bado ni uleule mmoja, na uko ng'ambo. Gati la zege halihamishiki kama kibanda. Nikiwauliza wahandisi swali moja tu, lingekuwa hili: maji yakihama tena, mizani yenu inasomeka mita ngapi juu na ngapi chini, na yule mama anayeanika dagaa kwenye mchanga mmemwekea ufuko gani?